Namjazia Mama Mkwe Ndoo kwa Siri, Sasa Anataka Kuvuka Mkondo

Mpendwa mshauri, naomba msaada wako na naomba uwe wa haraka, kwa sababu zimebaki siku kumi na nne tu kabla ya bamvua, yale maji yanayojaa sana na kutoka sana, na siku hiyo mama mkwe wangu amepanga kufanya jambo la hatari ambalo mimi ndiye niliyemtia moyo alifanye bila yeye kujua, na siri hiyo hakuna anayeijua ila mimi na Mungu, na sasa wewe.

Niliolewa miaka saba iliyopita nikitokea bara, nyumbani kwa fundi cherehani, ambako maji niliyoyajua ni ya bombani, nikaingia kwenye ukoo ambao wanaume ni wavuvi tangu babu wa babu yao na wanawake ni wachokoaji wa chaza tangu bibi wa bibi yao, na siku ya kwanza kupelekwa matopeni nilizama mpaka mapajani, nikabaki nimesimama kama nguzo, na mama mkwe akacheka mpaka na yeye akaketi kwenye tope, kisha akanivuta na kuanzia siku hiyo akaniita Binti wa Bomba. Mshauri, watu wanalalamika juu ya mama wakwe zao nami huwa nakaa kimya nisionekane najidai, maana wangu ni rafiki yangu, maji yakitoka tunatoka, saa tatu au nne tuko wawili tu na anga, ananisimulia ya ujana wake, ananisengenyea wanaume wa nyumbani kwetu akiwemo mwanawe, na sijawahi kurudi nyumbani na uso uliokunjwa.

Yeye anachokoa kwa kisigino. Anatembea pekupeku, anakanyaga, anasikia chaza yuko wapi, anainama na kumtoa kwa mkono, na chuma hajakigusa maisha yake yote, anasema chuma hakina masikio. Mimi natumia reki ya meno manne kwa sababu kisigino changu ni kiziwi. Basi mwaka jana nikaona ndoo yake haijai kama zamani, siku moja akafukua mashimo kumi na moja akapata chaza wanne, na siku nyingine akakanyaga gamba likamkata, damu ikatoka, naye akaendelea kutembea na kucheka mpaka nilipomwonyesha, ndipo nikajua visigino vyake vimekufa ganzi. Ningesema, lakini jioni ileile wakati wa kula, mbele ya baba mkwe na mume wangu na wote, alitangaza kwamba mama yake aliacha kazi siku ndoo yake iliporudi nusu, na yeye atafanya vivyo hivyo, ndoo ikirudi nusu ananyoosha miguu nyumbani na asibembelezwe. Nami nasikia huyo mama yake baada ya kuacha alinyauka, hakumaliza miaka miwili.

Ndiyo nikaanza. Akigeuka kuangalia maji, namimina kwenye ndoo yake. Akienda kunawa, namimina. Ni miezi kumi na minne sasa, ndoo yake inarudi imejaa, yangu inarudi robo tatu, na mume wangu ananiuliza kila siku, mke wangu, mama amekupita tena, nami nacheka huku nimeuma meno. Tukifika nyumbani yeye mwenyewe ndiye huchambua ndoo zote mbili, chaza wazima upande huu wa kuuza, waliokwaruzwa na reki upande ule wa kupikwa haraka kabla hawajaharibika, na wakati huo huwa anaimba, basi nami moyo unatulia.

Tatizo ni kwamba amevimba kichwa. Anawaambia wachokoaji wenzake kwamba nguvu za usichana zimemrudia, na wiki iliyopita akasema bamvua hii tutavuka mkondo kwa miguu hadi fungu la ng'ambo, lile tuta la mchanga na tope linaloibuka maji yakitoka, mahali mama yake alipomfundishia kazi, akanionyeshe. Maji ya mkondo yakitoka kabisa yanafika kiunoni, na yakianza kurudi hayamsubiri mtu. Nilimwambia mama, ni mbali. Akanijibu, "Binti wa Bomba, ndoo yangu ilijaa jana au haikujaa?" Nikisema ukweli ananyoosha miguu na namkosa, nisiposema anaweza kuzama kwa uongo wangu. Nimelikoroga mwenyewe na sijui nilinywe vipi.

Wako,
Binti wa Bomba

JIBU

Binti wa Bomba, barua yako nimeipandisha juu ya nyingine zote, na wenye barua hizo wanisamehe, wao matatizo yao hayafuati maji.

Nianze na kukugombeza ili tulimalize. Mama amekanyaga gamba, ametoka damu, hakusikia maumivu, na wewe ukachukua miezi kumi na minne kumjazia ndoo lakini hukupata asubuhi moja ya kumpeleka zahanati. Ganzi ya miguu si uzee tu, mwanangu. Inaweza kuwa sukari, inaweza kuwa jambo jingine, na mengine yana dawa. Waliosema mficha uchi hazai walikuwa wanakusema wewe. Kesho, si keshokutwa, mpeleke akapimwe. Na kuanzia leo asiingie matopeni bila viatu vigumu. Atanung'unika. Mwache anung'unike akiwa amevaa.

Sasa tuje kwenye siri yako. Nimeisoma barua yako mara mbili, na mara ya pili nilicheka peke yangu ofisini mpaka wenzangu wakachungulia mlangoni. Umeniandikia mwenyewe kwamba mama mkwe wako hajawahi kugusa chuma. Umeniandikia kwamba chaza wako wanakwaruzwa na reki. Kisha ukaniandikia kwamba ndiye anayechambua ndoo zote mbili kwa mkono wake. Sasa nijibu, mwanamke aliyechokoa kwa kisigino tangu usichana wake anainamisha ndoo yake, wanatoka chaza wamejaa mikwaruzo ya meno manne, wewe unadhani anasema nini moyoni? Kwamba kisigino chake kimeota meno?

Anajua. Alijua tangu jioni ya kwanza. Miezi kumi na minne umekuwa ukimwibia macho mtu ambaye anageuka kuangalia maji ili upate nafasi ya kumimina. Njia ya mwongo ni fupi, na yako iliishia sebuleni kwenu, siku ileile, naye akaimba.

Kwa nini hakusema? Kwa sababu ileile ya kwako. Akikiri kwamba anajua, kile kiapo chake cha mezani kinamshika shingoni, na atakukosa wewe kama unavyoogopa kumkosa yeye. Mnaoneana haya kwa mapenzi, nyote wawili, na mtu mzima ni yeye, lakini mwenye miguu ni wewe, kwa hiyo wewe ndiye utakayeanza.

Na hilo la fungu la ng'ambo sidhani ni kichwa kuvimba. Sikuapii, mimi simjui, ila mtu anayejua miguu yake imechoka akitaka kwenda mahali alipofundishwa na mama yake, na akataka kwenda na wewe wala si na mtu mwingine, huyo hajidanganyi kuhusu nguvu za usichana. Anataka akukabidhi mahali pale wakati bado anaweza kusimama juu yake. Ukimkatalia safari hiyo utakuwa umemkosea kuliko ulivyomkosea kwa ndoo.

Kwa hiyo mtakwenda, lakini si kwa miguu. Mko kwenye ukoo wa wavuvi wa vizazi vitano na mnapanga kuvuka mkondo kiunoni, mnawaaibisha wanaume wenu. Mwambie mume wako awavushe kwa mtumbwi asubuhi hiyo maji yakiwa yanatoka, autie nanga na asubiri hapohapo mpaka mmalize. Akiuliza ni kwa nini, mweleze yote. Amekucheka miezi kumi na minne, haki yake ni kupiga kasia. Na mkifika, reki ishike wewe, mama atembee na kukuonyesha pa kuchimba, maana miguu yake imesahau kusikia lakini macho yake yanajua tope lile kuliko sisi tunavyojua vyumba vyetu. Chukueni ndoo moja. Kiapo kilikuwa juu ya ndoo yake, ya kwenu wawili hakikuitaja.

Lililobaki ni gumu kidogo, na huwezi kumtuma mtu. Leo jioni, mkiwa wote mezani, kwa kuwa kiapo kilitolewa mbele ya watu, umwombe akivunje mbele ya watu. Usianze na habari za kumimina, hiyo mtaicheka baadaye. Sema neno ambalo umelizunguka barua nzima bila kuliandika. Sema, "Mama, mimi siendi kule kwa ajili ya chaza. Naenda kwa ajili yako." Kisha nyamaza, umwache alie au akutukane, vyovyote atakavyochagua.

Na kama atajifanya mkaidi, aseme kiapo ni kiapo, usibishane naye. Mwambie sawa mama, basi na mimi sitoki. Ketini wote wawili ndani, mnyooshe miguu, mtazamane. Maji yakishatoka uone nani kati yenu atakayekuwa wa kwanza kuuliza ndoo iko wapi.