Kopo Lililobaki na Gesi

Kotone mwanangu, wali uko tayari, supu pasha mwenyewe. Bibi akishakula mpe dawa. ~~Usimwambie kitu.~~ Mwambie ukweli, maana jana nilimfokea kwa ajili ya kikopo kimoja cha mtindi ambacho hakukiosha.

Leo mimi nimetupa kopo la gesi la jiko la mezani kwenye taka za kuchomwa. Sheria naijua: gesi iishe, kopo litobolewe, lisubiri Alhamisi, siku ya taka za chuma. Nililitikisa nikasikia bado kuna kitu ndani. Lakini lori la taka lilishafika kwenye kona na ule wimbo wake wa kutangaza linapita, nikalisukumiza katikati ya maganda.

Lori likilibana, litalipuka. Na mzee Kuramochi, yule mzoa taka wa lori anayekupungia mkono kila siku, huisukuma mifuko kwa mikono yake. Mfuko wenyewe una jina letu, kwa mwandiko wangu.

Ofisini kwao hawapokei simu. Jirani anatoa gari ili tukawawahi darajani. Usinicheke, natoka na ndala za chooni.

Wimbo wa lori bado nausikia kule chini, kwa hiyo muda tunao.

Wimbo umekatika katikati.

Mama