Bata Asiye na Macho

Ngau Tau Kok, 8 Mei

Bibi yangu mpendwa,

Shikamoo. Leo nimejiwekea ahadi nikueleze kila kitu, hata yale ambayo Mama angependa niyaruke. Mguu unaendeleaje na mvua za Vancouver? Sisi wazima, ila joto limeanza na feni yetu inalia kama paka.

Bibi, bandarini kuna bata! Wa manjano, amejazwa upepo, mrefu kama jengo la ghorofa, anaelea karibu na kituo cha feri cha Tsim Sha Tsui. Mwalimu anasema ni kazi ya sanaa, lakini watu wazima wanampungia mikono kama watoto.

Jumapili nilimvuta Mama twende. Njia nzima alinung'unika: "Yaani siku yangu ya kupumzika nikatazame mdoli wa bafuni?" Tulipofika akashika chuma cha ukingoni, akamtazama bata. Kisha akacheka peke yake.

"Macho yamekaa juu mno. Mama yangu angemrudisha kiwandani," akasema.

Mzee mmoja aliyesimama kando akamuuliza, "Kumbe nawe ulipaka macho ya bata wa plastiki?"

"Nilipaka, mzee wangu! Mimi nyeupe, mama yangu nyeusi. Kiwanda kilituletea magunia nyumbani. Tulilala na bata miguuni."

Sikuwahi kumsikia akisema hayo. Tangu ulipoanguka jikoni, akakwambia uende kwa Mjomba, nawe ukaondoka bila kumuaga, hakutaji. Lakini tuliporudi alimchukua dirishani yule bata wako wa gunia la mwisho, asiye na macho, akamfuta vumbi. Nakumbuka ulivyonikabidhi: "Usimpake. Ni kama mashua zenye vichwa vya joka, zikitiwa macho huamka. Huyu akiona njia ataondoka. Akae hivihivi mpaka nirudi."

Bado anakungoja.

Mjukuu wako,
Hoi-ching


Vancouver, 2 Juni

Mjukuu wangu Hoi-ching,

Marahaba. Mguu upo, unanifuata polepole ninakokwenda. Unakula vizuri? Usisome gizani.

Nimecheka hadi mjomba wako akaja kunitazama. Mama yako ndiye wa kukosoa macho ya bata! Mwenyewe alikuwa akijaza nyeupe mpaka namwambia, "Wee Suk-yee, huyo ni bata au bundi?" Meza ilikuwa moja. Tukila uji, bata wanatusubiri juu ya kitanda, tukimaliza wanarudi wao. Vidole vyake vilikuwa vidogo, vyeupe kama vilivyochovywa kwenye unga. Siku hizi naviona sana vile vidole.

Lakini usiningoje, mwanangu. Huku natunzwa, na huko nilikwisha kuwa mzigo. Mpake bata wako. Chonga ncha ya kijiti cha kulia wali, hicho ndicho kilikuwa brashi yetu. Nyeupe kwanza. Ikikauka, nyeusi. Mwache aende zake.

Bibi yako


Ngau Tau Kok, 23 Juni

Bibi mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii imekukuta mzima. Sisi hatujambo. Bata wa bandarini amekwisha kuondoka. Walimtoa upepo, akalala juu ya maji kama kitambaa cha meza. Pale mahali pake panaonekana pakubwa mno.

Barua yako nilimpa Mama. Aliisoma akiwa amesimama kwenye karo, maji yanamwagika. "Mzigo? Nani alisema mzigo? Nilimkuta mama yangu sakafuni! Kila siku kazini nilikuwa naiona hiyo sakafu tu." Akafunga bomba, akatoka bila mwavuli. Alirudi na rangi.

Alichonga kijiti, akaketi, akapaka nyeupe. Mkono wake haukusita hata kidogo. Nikamsogezea nyeusi. Akairudisha kwangu.

"Hiyo si kazi yangu. Sijawahi kupaka nyeusi maisha yangu yote."

"Basi nipake mimi? Bibi ameruhusu."

"Thubutu!"

Juzi fundi alifunga vyuma vya kushikia, bafuni na jikoni. Shangazi Fung wa mlango wa pili anasema mchana atakaa nawe, mradi usimwibie kwenye mchezo wa mahjong kama zamani. Kitanda chako Mama amekitandika mwenyewe.

Sasa amesimama nyuma yangu, ananiambia niandike vizuri na nimpishe naye atie sahihi.

Nyeupe imekauka, Bibi. Utakuja lini kutia nyeusi?

Mwanao Suk-yee,
na mjukuu wako Hoi-ching