Kigoda cha Mwenye wa Likumbule

Chinongwe,
19 Mei 2024

Mdogo wangu Masoudi,

Assalaam alaikum. Huku tu wazima, mimi na mpwa wako Hadija, ila goti langu la kushoto limeanza tena vituko vyake, na hilo umeshalizoea. Sijui nyinyi huko Nachingwea, wewe na wifi Zulekha. Kikohozi chake kimepoa?

Nakuandikia barua kama ulivyotaka, maana ulisema simu zinasikilizwa. Nani aisikilize simu yangu mimi ninayeongea habari za kuku, sijui. Lakini umesema barua, basi barua. Anakuletea Dotto wa bodaboda, anayekuja huku kila siku ya gulio.

Habari kubwa ni kwamba Hadija ameposwa. Kijana anaitwa Faridi, kwao Marambo. Alikuja huku mwaka jana na mashine yake kupuliza salfa kwenye mikorosho ya watu, wakaonana, wakapendana, na mimi nimemwangalia nikamkubali. Upande wa dini hakuna tatizo, baba yake mdogo Hadija ndiye walii wa kumwozesha tangu marehemu mume wangu alipotutoka. Lakini kwetu unajua. Mjomba asipokaa kwenye kigoda cha babu na kusema neno, hakuna mgeni anayeingia ndani. Naomba uje useme neno, Masoudi. Mtoto hana mjomba mwingine.

Tuko kwenye ufuta sasa, tunapeta uani kwangu wanawake wa mtaa mzima. Ili mikono isichoke nimewaanzishia ile hadithi ya Mama, ya mji wa Likumbule. Wameipenda mno. Hadija anakusalimu.

Dada yako,
Biasha


Nachingwea,
2 Juni 2024

Kwa Dada Biasha,

Waalaikum salaam. Sisi wazima. Kikohozi cha Zulekha kimepoa ila anasema ni vumbi, mimi nasema ni yule jirani anayechoma takataka makusudi upepo ukielekea kwetu.

Barua yako nimeipata lakini bahasha ilikuwa imekunjwa pembeni. Ulikunja wewe? Kama si wewe, basi Dotto anazisoma. Kuanzia leo ninafunga bahasha kwa selotepu, na wewe fanya hivyo.

Sasa nijibu. Mtu wa Marambo, huko huko Marambo wasichana wapo, anavuka mpaka Chinongwe kutafuta nini? Nitakwambia. Mikorosho yangu niliyorithi kwa mjomba iko nyuma ya nyumba yako, na huyo kijana ameipuliza. Anapuliza huku anaitazama. Siku mimi nikifumba macho, urithi unakwenda kwa watoto wa dada, yaani kwa Hadija. Yeye kashapiga hesabu zake. Nina macho, Dada, naona.

Na hiyo hadithi. Kwa nini Likumbule, na kwa nini sasa? Likumbule ni mji wenye mtawala anayeitwa Mwenye, ambaye ni mjomba wa watu, na mambo yake yanaanza kuharibika. Unawasimulia wanawake wa mtaa mzima habari ya mjomba anayeharibikiwa, kisha unaniambia nije nikae kwenye kigoda mbele yao. Wanacheka, si ndiyo?

Kuhusu posa nitafikiri.

Mdogo wako, mjomba wa Hadija,
Masoudi


Chinongwe,
16 Juni 2024

Mdogo wangu,

Salaam nyingi. Sisi hatujambo. Bahasha niliikunja mimi ili itoshe mfukoni mwa Dotto. Selotepu yako ilinikatia barua katikati, nimeisoma kwa kuunganisha.

Masoudi, mji ule tulikua nao. Tulikuwa tunabangua korosho mimi na wewe, mikono imechubuka kwa mafuta ya maganda, na Mama anatujengea Likumbule ili tusilie. Nimewasimulia kama alivyotusimulia. Lango la Wajomba la mti wa mninga, ambalo kila anayeingia hutaja jina la mama yake kabla ya jina lake. Mnara wa udongo wa kichuguu, ambao juu yake hukaa mpiga yowe akiangalia moto, simba na wageni. Kisima katikati ya soko, na juu ya kisima baraza la akina mama. Na Mwenye, ambaye hakurithi kwa baba, alirithi kwa mjomba kama sisi, amekaa kwenye kigoda na dada yake yuko nyuma yake kwenye mkeka. Akianza kusema upumbavu dada anavuta upindo wa kanzu yake. Ndivyo Likumbule ulivyotawaliwa, na wanawake hawakucheka, walisema kumbe kuna mji wenye akili.

Faridi hajawahi kuniuliza mikorosho ni ya nani. Ameniuliza kama Hadija anapenda samaki wabichi au wakavu. Njoo umtazame mwenyewe.

Dada yako,
Biasha


Nachingwea,
21 Julai 2024

Dada Biasha,

Natumaini afya ni njema. Yangu si mbaya, ila usingizi hauji.

Kwanza, Lango la Wajomba lilitazama mashariki na lilikuwa la mpingo. Kama umebadilisha mti, umebadilisha na mengine.

Pili, umesikia ya Linus. Nilikuja juzi bila kumwambia mtu, wala wewe sikukwambia, nikamkuta jirani yako Linus ndani ya shamba langu na ndoo. Anasema alisikia yowe kwamba kuna nyoka, akakimbilia kusaidia. Nyoka hakuna, ndoo ipo. Nimempeleka polisi Ruangwa akalala huko. Mnasema nimemwonea, najua mnasema. Mimi nimeelewa mchezo. Mmoja anapiga yowe, kijiji kizima kinamwagika shambani kwa mtu, na wakitoka mifuko imejaa.

Kwa hiyo nimebandika tangazo kwenye mti wa njiani. Asiingie mtu shambani kwangu, na atakayepiga yowe kuelekea shamba lile nitamhesabu mwizi. Hilo linamhusu kila mtu, na Faridi wa kwanza.

Tatu, Dotto asizungumze na mimi. Aweke barua chini ya jiwe la mlangoni aondoke. Anauliza uliza sana habari za afya yangu.

Nne, hadithi iishe. Usiwasimulie tena.

Mjomba wa Hadija,
Masoudi


Chinongwe,
4 Agosti 2024

Masoudi,

Salaam. Goti limetulia, alhamdulillahi. Wewe lala, mdogo wangu, mwombe wifi akukande kichwa.

Linus ametoka. Ameketi uani kwake, hasemi na mtu. Ndoo ile ilikuwa ya maji, Masoudi, alikuwa anatoka kisimani aliposikia yowe. Mtoto wa jirani yetu Dionisia kweli aliumwa na nyoka, sema yeye alikuwa upande wa pili wa njia. Sikulaumu kwa kuwa hukujua. Ninachokulaumu ni kwamba hukuniuliza, na nyumba yangu ilikuwa hatua chache kutoka uliposimama.

Umesema hadithi iishe. Nimeimaliza kweli, maana ufuta umekwisha na wanawake waliudai mwisho. Utasema Mama hakuwahi kuufikisha, siku zote alisinzia Mwenye anapoanza kusikia minong'ono. Wewe hukuusikia. Alinimalizia mimi mwaka ule ulipokuwa porini jandoni. Sasa nakupa na wewe, maana ni urithi wako pia.

Mwenye aliingiwa na shaka. Akiona watu wanaongea alijua wanamsema, na wakinyamaza alijua wamemaliza kumsema. Akaamuru kila nyumba itobolewe tundu ukutani, usawa wa sikio, askari wapite wakisikiliza. Baraza la akina mama akaliondoa pale kisimani, akasema maji yanabeba maneno. Kisha akakataza yowe, kwa kuwa waasi hukusanyana kwa yowe. Mpiga yowe akabaki juu ya mnara na mdomo wake bure. Mwisho akamwambia dada yake aondoe mkeka, akae nje, kwa kuwa mtu aliye nyuma yako humwoni anafanya nini.

Kiangazi kikaja. Moto ukatoka kwenye nyasi za mbali. Mpiga yowe aliuona kabla ya wote. Akafungua mdomo, akakumbuka amri, akaufunga. Akashuka ngazi polepole, akatoka langoni. Waliomwona anatoka wakaelewa. Wakabeba watoto, wakatoka nyumba kwa nyumba, bila neno, wakiagana kwa macho. Dada yake Mwenye alikuwa wa mwisho. Alisimama nje ya dirisha la kaka yake muda mrefu, kisha naye akaenda.

Mwenye alisikia mji umetulia. Akafurahi, akasema, "Leo ndiyo wametii."

Hakuna vita iliyouangusha Likumbule. Wanawake walilia, na mimi nililia nikikuwaza wewe. Ondoa lile tangazo. Uje ukae kwenye kigoda.

Dada yako,
Biasha


Nachingwea,
8 Septemba 2024

Kwa Biasha,

Sitaki salamu ndefu. Mikorosho yangu imeungua na maua yake. Nimesikia sokoni, kwa mtu baki aliyekuja kuuza muhogo. Siku nzima moto umekula shamba la mjomba wa nyumba hiyo na hakuna hata mmoja aliyenipasha habari. Kijiji kizima mlikuwa mmelala mchana?

Ni mwezi mmoja tu tangu unitumie barua yenye moto ndani yake. Niambie nifikiri nini. Mwisho huo Mama hakuusema, umeutunga, na mwenye kuutunga alijua kinachokuja. Nimeambiwa Faridi alionekana ndani ya shamba ana majivu mpaka kwenye nywele.

Neno langu juu ya posa ni hapana. Na kama mtamweka mtu mwingine kwenye kigoda changu, nitamjua. Nitakuja kuangalia.

Masoudi


Chinongwe,
15 Septemba 2024

Masoudi,

Salaam alaikum, maana mimi bado nakusalimu.

Moto ulitoka kwa waliokuwa wanasafisha mashamba upande wa bondeni, upepo ukageuka. Tuliuona. Watu walikuja mpaka kwenye mti wenye tangazo wakasimama, wana matawi mabichi mikononi. Walikuwa wananitazama mimi. Hakuna aliyepiga yowe. Mimi ndiye niliyesema, "Ingieni," lakini Linus aliniuliza kama nitakwenda kulala polisi kwa niaba yake.

Aliyeingia ni Faridi. Hadija akamfuata, nami nikamfuata Hadija. Safu za upande wa njia zimepona kwa sababu ya huyo kijana, na mkono wake wa kulia umebabuka mpaka kwenye kiwiko. Hiyo ndiyo habari ya majivu. Nilikupigia simu, hukupokea. Nilimtuma Dotto jioni ile ile, akagonga mlango, ukamfukuza ukiwa ndani.

Nimeumia, Masoudi. Umenidhania mimi uchomaji. Mimi niliyekubeba mgongoni mpaka ukakataa mwenyewe kubebwa.

Harusi ni Jumamosi ya tarehe 12 Oktoba. Kigoda cha babu kitawekwa uani, na hatakaa mtu. Mimi nitakuwa nyuma yake kwenye mkeka. Tutakungoja.

Dada yako,
Biasha


Nachingwea,
14 Oktoba 2024

Dada yangu Biasha,

Assalaam alaikum. Natumaini umeamka salama baada ya shughuli, na goti halikusumbui kwa kukaa chini muda ule wote. Najua ulikaa muda mrefu. Nilikuwepo.

Nilikuja nikiwa na hakika utamweka Linus kwenye kigoda. Nilishuka kwenye bodaboda kabla ya kijiji, nikapita shambani kwangu, kwenye mikorosho iliyoungua, nikasimama nyuma ya shina moja mahali ninapoona uani kwako kote. Nikakiona kigoda. Hakuna mtu juu yake. Wewe nyuma yake, umevaa kanga ile ya Mama ya rangi ya machungwa. Wageni wa Marambo wamesimama nje ya uzio, na mikono yao ina vyombo. Yule kijana mkono umefungwa bandeji.

Nilitaka kutoka. Nakuapia, Dada. Kisha nikajiuliza, mbona kigoda wamekiacha wazi kweli, ni mtego gani huu, nikitokea watanicheka au watanishika. Nikasema ngoja kidogo niangalie. Baba yake mdogo Hadija akaja kukwambia kitu, nadhani alisema kiondolewe, nikaona unatikisa kichwa. Ikaadhiniwa alasiri, wakasali, wakarudi, bado upo pale. Nikafungua mdomo nipige hodi. Sauti haikutoka.

Mwishowe wazee wakawaambia wageni waingie. Waliingia bila neno langu. Nilisikia vigelegele nikiwa narudi njiani.

Tangazo nimelibandua wakati wa kurudi. Niambie kama Hadija alilia. Niambie pia kama mwisho ule ni wa Mama kweli. Nitakuamini utakavyosema.

Mdogo wako,
Masoudi


Chinongwe,
20 Oktoba 2024

Mdogo wangu Masoudi,

Waalaikum salaam. Goti linauma, hujakosea. Msalimie wifi.

Mwisho ule ni wa Mama. Na Hadija alilia, ndiyo.

Nilikuona. Ulivaa ile kofia yako ya kijani, na mkorosho ulioungua hauna majani ya kumficha mtu. Nilitaka kupiga yowe watu wakukimbilie wakulete uani. Nikawaza lile tangazo, nikawaza ukisikia yowe utadhani tunakuitia wezi, utakimbia. Nikasema nikae kimya, atakuja mwenyewe.

Jioni wageni walipokwisha kuondoka na Hadija wao, tulibaki tunaosha vyombo, nikamnong'oneza Dionisia kwamba ulikuwepo. Akaniambia yeye alikuona tangu unaingia. Linus naye alikuona. Baba mdogo alikuona, ndicho alichokuja kuniambia pale kwenye mkeka, na mimi nikamtikisia kichwa akuache. Hadija alikuona akiwa dirishani. Faridi alikuona, akataka kuja kukushika mkono, wenzake wakamzuia wakamkumbusha ya polisi. Kumbe uwanja mzima tulikuona, Masoudi, na kila mtu alinyamaza peke yake.

Kigoda nimekirudisha ndani. Nyumba imekuwa na nafasi sana tangu mtoto aondoke.

Dada yako,
Biasha