Kiapo cha Bwana Thibault

Chatham, Kanada
4 Februari 1865

Dada yangu Dorcas,

Huu ni mwaka wa ishirini na tatu tangu nitoroke Luiziana. Theluji imefika madirishani, na mke wangu Keziah ameunguza tena mkate wa mahindi.

Barua yako, iliyoandikwa na mwalimu kwa niaba yako, nimeipata. Kumbe Bwana Thibault, aliyetumiliki, aliweka mkono juu ya Biblia, akaapa kuutii Muungano wa Marekani aliokuwa ameuasi, akarudishiwa shamba lake. Keziah alicheka: "Mzee, yule hata mbwa wake hakumwamini."

Mpango wa Rais nimeusoma gazetini mara tatu. Katika jimbo lililoasi, mpiga kura mmoja kati ya kumi akiapa, jimbo zima linapokelewa tena katika Muungano. Sisi watumwa wa jana hatuulizwi, kwani hatumo katika hesabu hiyo. Thibault amesamehewa kuasi serikali. Kwa kumuuza mwanangu Silas, mtoto wa miaka sita, hakuna aliyemtaka atubu.

Unasema, "Prosper, tuko huru, njoo tuzeeke pamoja." Lakini bado unaishi shambani kwa Thibault, dada. Nikija, kila asubuhi nitamvulia kofia. Njoo wewe, chumba kipo. Mimi sitarudi.

Kaka yako,
Prosper