Ukuta wa Nyuma Umesimama

Maman Solange, rafiki yangu,

Mvua kubwa ilinyesha juzi kutwa nzima, na ukuta wa nyuma umesimama. Nimeona nikwambie hilo kabla ya yote.

Unakumbuka mikutano yetu kwenye ngazi? Wenye nyumba wanane, jengo moja hapa Kamembe, na hakuna aliyekubali kwamba ukuta ule wenye nyufa ni mzigo wake. Wa chini waliwasukumia wa juu, wa juu wakasema matope hayawafikii. Ulisimama na kitenge chako mabegani, ukasema kwa Kiswahili chako cha Bukavu: "Ukuta ikianguka, haitauliza ni ya nani." Shemeji yangu, aliyegeuza ua wetu sote kuwa stoo ya mchele wake wa Bugarama, alicheka. Mimi niliangalia chini. Na ulipotaka tuiombe mahakama itupe msimamizi wa jengo aliyesomea kazi hiyo, tupende tusipende, nilikataa kutia sahihi. Niliogopa vita katika familia. Hukuninunia. Kesho yake uligonga mlango ukaniletea sambaza, wale dagaa wa ziwani.

Ukapeleka ombi peke yako. Halafu ukaugua, ukatuacha.

Baada ya maziko, hakimu alituita. Akauliza: aliyeomba amefariki, je, kuna anayesimama mahali pake? Nilisimama. "Mimi," nikasema. Shemeji akaninong'oneza, "Unatupatisha haya mbele ya watu." Nikaeleza yote, hata woga wangu.

Tukapewa msimamizi. Ni mama mmoja asiye na maneno mengi. Siku ya kwanza alimwambia shemeji aondoe magunia uani. Shemeji akabisha. Yule mama akamwonyesha karatasi ya mahakama, akangoja. Kabla ya jioni ua ulikuwa mtupu. Mafundi wakaja, wakachimba mfereji, wakajenga ukuta mpya wa mawe.

Juzi maji yalishuka mlimani kwa kishindo, yakafuata mfereji, yakaenda zake. Sote tulikuwa madirishani. Wa kwanza kupiga makofi alikuwa shemeji. Nililia kwa furaha, Maman Solange, na kwa kuwa hukuwepo.

Binti yako alikuwa ameshaanza kutafuta mnunuzi wa vyumba vyako, akiogopa jengo litaanguka. Nilimpigia simu Bukavu, nikamweleza. Anarudi Jumamosi kukaa. Nitampokea mpakani, kwenye daraja la Rusizi ya Pili, na kumsaidia mizigo. Nakuahidi, mkutano ujao ataketi kando yangu, na kwenye kura tutainua mikono pamoja, mbele ya watu wote.

Pumzika, rafiki yangu. Nyumba yako haiuzwi.

Jirani yako wa mlango wa pili,
Mama Aisha