Wachira Hatakunywa Maziwa ya Ng'ombe Wako

Kariobangi Kusini,
Nairobi.
Jumatatu asubuhi.

Kwa dada yangu mkubwa, Mukami,

Pokea salamu zangu, nawe uzifikishe kwa shemeji Kimani na kwa wote wanaokula katika nyumba yako. Natumaini goti lako limepata nafuu tangu mvua zilipopungua, na kwamba dawa ya kuchua niliyokutumia ilifika salama. Sisi huku tu wazima. Thuo mwanangu anaendelea na kazi yake ya kuchomelea milango kwenye karakana za jua kali, na mkewe Anyango anaendelea na yake. Mjukuu wetu Wachira ametimiza miezi minne na wiki moja. Sasa anacheka kwa sauti, na anapocheka hufumba jicho moja kama alivyokuwa akifanya marehemu mume wangu, ambaye jina lake amelibeba.

Ninaandika kwa Kiswahili badala ya lugha yetu ili kila mtu wa nyumba hii aweze kuisoma barua hii kabla sijaifunga. Usidhani ni dharau.

Ulinipigia simu Alhamisi ukaniambia kwamba umekwisha kuzungumza na Maina mwenye pikapu, na kwamba atapita hapa Jumamosi ijayo amchukue Wachira, aje alelewe huko kwako kwa maziwa ya ng'ombe, kwa kuwa maziwa ya mama yake yamekwisha. Ulisema wanawake wa ukoo walikaa wakakubaliana. Nilikujibu kwamba nitafikiri. Nimefikiri. Mwambie Maina apakie viazi vyake aende navyo sokoni. Wachira haji Jumamosi hii, wala Jumamosi nyingine yoyote.

Nakujua. Utasema kwamba nimetawaliwa na mkaza mwanangu, na kwamba ulinionya tangu siku ile Thuo alipotuletea msichana kutoka upande wa ziwa. Keti basi, uvae miwani yako, usome mpaka mwisho kabla hujainua simu.

Anyango hushona viatu na mikoba ya ngozi katika karakana moja ya Kariokor, kwa bwana anayeitwa Ndambuki. Alirudi kazini mtoto akiwa na wiki kumi tu, kwa sababu Ndambuki alimpelekea habari kwamba cherehani yake ilikuwa ikitazamwa na mwingine. Muuguzi wa kliniki alikuwa amekwisha kumfundisha namna ya kukamua maziwa kwa pampu ndogo ya mkono, kuyatia katika chupa zenye vifuniko na kuyahifadhi kwenye jokofu. Kazi yangu ilikuwa kuitumbukiza chupa katika maji moto, kisha kumnywesha mtoto kwa kikombe kidogo. Kila asubuhi Anyango aliacha chupa tatu. Kazini alikamua tena, akarudi jioni na mfuko wenye barafu.

Sikulea hivyo, nawe unajua. Nilimnyonyesha Thuo katika stoo ya shule, nikiwa nimekalia maboksi ya chaki, huku mwalimu mkuu akigonga mlango na kuniuliza kama darasa la sita lilikuwa likijifundisha lenyewe. Lakini nilikubali kazi niliyopewa, na nikasema nitaifanya.

Wiki ya tatu haikwisha kabla chupa tatu hazijawa mbili. Baadaye ikawa moja, nayo haikujaa. Jioni Anyango alipofika na kumpakata mtoto, Wachira aligeuza uso na kulikataa ziwa. Usiku alilala moja kwa moja, nasi tukamsifu kwa utulivu. Nilimpikia Anyango njahi, yale maharage meusi ya kwetu, kama sisi tulivyopikiwa tulipojifungua. Mama yake alituma samaki, akasema njahi haijawahi kumtoa mwanamke maziwa popote, ila mchuzi wa samaki. Maskini Anyango alikula vyote viwili, na Thuo akawa akimaliza masalio, hata yule jirani yetu wa ghorofa ya pili akamuuliza anatarajia kujifungua lini.

Akina mama wa kanisa walikuja kutuona. Mmoja alisema, mbele yake, kwamba maziwa hufuata moyo, na mwanamke ambaye moyo wake uko kazini asitarajie kifua chake kibaki nyumbani. Anyango aliwaongezea chai. Baada ya wao kuondoka alivisugua vikombe mpaka nikahofia vitavunjika.

Nilipomuuliza kazini anakamulia wapi, alinieleza kwa shida. Alikuwa akijibanza nyuma ya marobota ya ngozi, amejifunika leso, katika harufu ya gundi. Wanaume wa karakana waliposikia pampu wakawa wakiulizana nani ameleta ndoo, na kama maziwa ya leo yanapelekwa kiwandani au yanabaki kwa chai. Mmoja wao alimpigia Thuo simu kumpongeza kwa kuoa ng'ombe wa gredi, wa maziwa mengi.

Siku iliyofuata nilivaa nguo zangu za kanisani, nikamwacha mtoto kwa jirani, nikaenda Kariokor. Nilimkuta Ndambuki ameketi kwenye kiti chake akikata soli za matairi. Nilimsalimu, nikajitambulisha, nikamwambia kwamba sheria ya nchi inamtaka mwajiri ampe mama anayenyonyesha mahali pa faragha na pasafi. Alinijibu kwa heshima kwamba hapo ni mahali pa kazi, wala si wadi ya wazazi, na kwamba nyuma kuna choo. Nilimuuliza kama yeye huipeleka sahani yake ya ugali huko chooni. Mafundi walicheka, na mmoja akasema, Ndambuki, leo shosho amekupata. Alisema hana chumba. Nilimwonyesha kwa kidole stoo yenye mlango. Akasema imejaa ngozi. Aliposimama kumhudumia mteja, nilikikalia kiti chake, nikamwambia kwamba mimi ni mstaafu na sina haraka.

Nilikaa pale tangu saa tatu. Wateja wakaniuliza kama mimi ndiye mmiliki mpya wa karakana, nami nikawajibu kwamba nasubiri ngozi zihamishwe. Saa kumi ilipofika, ngozi zilikuwa zimepandishwa darini. Thuo akaenda kutia komeo kwa ndani. Anyango alipata chumba chake, na Ndambuki akapata kiti chake.

Nilirudi nyumbani nikijiona shujaa, dada. Nilidhani nimekwisha kumshika adui. Lakini maziwa hayakuongezeka. Yaliendelea kupungua vilevile, chumba kikiwapo na komeo likiwapo.

Kisha tumbo la Wachira likachafuka. Aliharisha siku tatu, na alipopimwa uzito kliniki akakutwa hajaongeza kitu kwa mwezi mzima. Muuguzi, Bi. Kyule, ni mama wa maneno machache. Alimuuliza Anyango mtoto anakula nini. Anyango akajibu kwamba anakunywa maziwa yake tu. Bi. Kyule akanigeukia mimi, ninayeshinda na mtoto, akaniuliza swali lilelile. Nilimjibu kwamba ni maziwa ya mama yake tu.

Aliniangalia kidogo. Halafu akaanza kutueleza habari za kuhifadhi maziwa, bila kumtazama yeyote. Alisema kwamba maziwa ya mama yakikaa kwenye jokofu hutengana, mafuta yakapanda juu na sehemu nyepesi ikabaki chini, na kwamba hayo si kuharibika. Huzungushwa taratibu katika chupa, yakarudi kuwa kitu kimoja. Alisema pia kwamba mtoto asiponyonya, mwili wa mama hudhani maziwa hayahitajiki tena, nao ukaacha kuyatengeneza.

Nilisikia kila neno. Nilinyamaza siku tisa.

Sasa nisikilize vizuri, Mukami, maana hapa ndipo palipo na jambo nililokunyima katika simu. Siku ya kwanza Anyango alipokwenda kazini, nilifungua jokofu nikaona maziwa yamegawanyika. Juu palikuwa na utando mzito wa manjano, chini palikuwa na kitu cha samawati kama maji yaliyoosha mchele. Wewe na mimi tulilelewa tukiambiwa kwamba mtoto hapewi maziwa yaliyokatika. Niliyamwaga kwenye sinki. Nilikwenda kwenye mashine ya maziwa pale dukani, nikanunua ya ng'ombe, nikayachemsha pamoja na maji, nikamnywesha. Saa kumi nilimpa uji mwepesi wa wimbi, ili mama yake asimkute analia. Nikaziosha chupa zote tatu nikazipanga juu ya kitambaa. Anyango aliporudi aliziona tupu, akafurahi kwamba mtoto amekunywa vizuri.

Nilifanya hivyo kila siku. Sikuuliza, kwa sababu kwa miaka thelathini na sita ya ualimu mimi ndiye niliyekuwa nikiulizwa.

Na hata hilo si baya kuliko yote. Jioni zile Wachira alipolikataa ziwa la mama yake, akageuza shingo kunitafuta mimi, nilifurahi. Nilijiambia kwamba mtoto anamjua anayemlea. Anyango alikuwa akilia mbele yangu nami nikimpa njahi kwa mkono mmoja, huku kwa mkono wa pili nikiwa nimeshika kilichokuwa kikimkausha.

Ulipopiga simu Alhamisi, Anyango alikuwa kando yangu, akasikia kila ulichosema. Hakuleta ubishi. Ijumaa jioni aliporudi kazini aliiosha pampu, akaikausha, akairudisha katika boksi lake na kulifunga kwa uzi. Akamwambia Thuo kwamba labda mama yake mkubwa wa Murang'a ana haki, na kwamba mwili wake umekataa. Alisema kwa sauti ya mtu anayesoma tangazo.

Nilimwambia aache kuufunga uzi huo. Nikamweleza yote nikiwa nimesimama, kama nilivyokuwa nikiwasimamisha wanafunzi. Thuo hajapata kuniinulia sauti, na siku ile pia hakuinua. Aliondoka mezani akaenda kusimama kwenye baraza. Anyango aliniuliza ni siku ngapi. Nikamjibu, tangu siku ya kwanza.

Alifungua jokofu, akatoa nusu chupa aliyokuwa ameileta kutoka kazini, akaizungusha mkononi mpaka maziwa yakawa kitu kimoja. Akayamimina kidogo katika kijiko, akaniambia, Mama, onja. Nikaonja. Ni matamu, Mukami. Ni matamu kuliko yale ya ng'ombe wako, na hayakuwa na dalili yoyote ya kuharibika. Akasema kwamba kila tone la hayo alilikamua kati ya ngozi na vicheko vya wanaume, nami nikaoshea sinki.

Nilidhani ataniambia nifungashe mizigo yangu nirudi kijijini. Angekuwa na haki. Badala yake aliniwekea masharti mawili. La kwanza, kwamba hakuna kitakachoingia kinywani mwa mtoto bila yeye kujua. La pili, kwamba msamaha wa chumbani hautaki. Alihukumiwa mbele ya watu, basi mbele ya watu hao hao ndiko ukweli uende. Jana baada ya ibada nilisimama mbele ya akina mama wa kanisa nikawaambia. Yule aliyenena habari za moyo na kifua alitazama viatu vyake. Leo ni zamu yako, na ya hao wanawake mliokaa mkakubaliana. Wasomee barua hii kwa sauti, usiruke aya.

Mkitaka kuniita mzee aliyepotea, niiteni. Lakini asitokee mtu wa kusema kwamba Anyango hana maziwa. Tangu Ijumaa mtoto amewekwa kifuani kila alipojinyoosha. Siku ya kwanza alipiga kelele akidai kikombe, na mimi nikatolewa nje ili asinione. Jumapili jioni alinyonya mpaka akalala na kitone mdomoni. Bi. Kyule amesema yatarudi, ila yatataka subira na yatataka mtoto anyonye mara nyingi. Leo asubuhi chupa moja ilijaa, na ya pili ilifika nusu. Nimeizungusha mwenyewe mbele ya mama yake kabla hajaondoka, naye alinitazama mpaka nikamaliza.

Kwa kuwa chupa hizo hazitoshi siku nzima, tumekubaliana kwamba kila siku saa sita mchana nitampeleka Wachira Kariokor anyonye mle stooni, komeo likiwa limefungwa. Ndambuki amekwisha kuambiwa. Amesema sawa, mradi nisikae kwenye kiti chake. Jumamosi pia tutakuwa huko, basi Maina akija atagonga mlango wa nyumba isiyo na mtu.

Wasalimu wote, na umwambie Kimani nimemkumbuka. Ukitaka kumwona mjukuu wako, nyumba hii iko wazi kwako, na Anyango amesema atakupikia. Uje na mikono mitupu.

Naishia hapa kwa sababu imekaribia saa tano na nusu, mtoto ameamka, na mama yake anatungoja.

Mimi mdogo wako,
Wakiuru