Freni za Shemeji Gérard

Lubumbashi, Kampemba
14 Septemba 2025

Yaya wangu Olive, dada mpenzi,

Nakusalimu wewe, watoto na mama yetu, nikitumaini barua hii itawakuta mkipumua, maana kusema "wazima" siku hizi ni kuomba mno. Je, mama anapata usingizi? Na huko Butembo, risasi bado zinasikika kwa mbali? Mwili wangu hauna ugonjwa. Barua nimempa André, anayerudi huko kwa njia ya Kasumbalesa, Tanzania na Uganda. Nimejaribu kukuambia maneno haya kwa simu mara nne, nikashindwa.

Asante kwa sala zenu. Mumeo tulimzika vizuri. Wafanyabiashara wa kwetu walifunga maduka wakaja wote, na klabu ya kinga, wale wenzake wa mbio za baiskeli, ilileta maua.

Unakumbuka alivyotufikia baada ya Goma kuanguka, na mfuko mmoja wa nguo na ile kinga yake ya kozi, ya mbio. Freni zake zilikuwa za diski, zile za waya, si za mafuta. Alipenda kunieleza kwamba za mafuta zikiharibika huku hakuna wa kuzitengeneza, lakini waya unauzwa hata kule porini Mitwaba. Klabu walimwahidi kwamba akiingia katika watatu wa kwanza kwenye mbio za Agosti, watampa kazi ya kufundisha vijana pamoja na nyumba ya vyumba viwili. Kila Jumapili baada ya misa alikwenda kuiangalia ile nyumba kwa nje. Alikwisha chagua watoto watalala upande gani.

Kweli waya haukuwa shida. Shida ilikuwa plaketi, vile vipande viwili vinavyobana diski. Vililika kidogo kidogo, nami kila wiki nikavuta waya na kukaza skrubu ili vifikie, mpaka kikabaki chuma kitupu. Zamani plaketi zilitoka Kampala kupitia Goma. Sasa njia ile imekufa. Nilituma watu mpaka Lusaka, wakarudi mikono mitupu. Basi nilikata plaketi za pikipiki kwa msumeno, nikazibandika kwa gundi juu ya vile vyuma vya zamani. Gérard alizijaribu hapa mtaani, akarudi akicheka, akaniambia, "Muhindo, we iko fundi ya kweli!"

Tarehe sita Agosti alitoka asubuhi kufanya mazoezi kwenye barabara ya Kasumbalesa. Kwenye mteremko, kamyo moja ya mizigo ilikuwa inafika nyuma ya foleni ya magari. Akaigonga kwa nyuma. Nilipofika, alikuwa amekwisha kata roho. Watu walikuwa wamemshika dereva, jina lake Chisanga, wakipiga kelele kwamba alisimama ghafla bila taa. Polisi wakaandika hivyohivyo, wakamfunga. Nami ndivyo nilivyokuambia.

Mke wa Chisanga, Agnès, amekuja karakanani kwangu mara tatu na mtoto mgongoni. Alisema mume wake aliwasha taa na alikuwa anatambaa tu. Mara ya tatu aliniuliza, "Papa, ule muntu, freni yake ilikuwa inashika?" Nikamjibu kwamba ilikuwa nzima. Akanishukuru, akaenda.

Yaya, haikuwa nzima. Siku mbili kabla ya ajali nilitia plaketi moja katika maji yanayochemka, nione. Gundi ililainika, kipande kikateleza chini ya kidole changu kama sabuni. Nilijua kwamba kwenye mteremko mrefu diski inapata moto kuliko maji yale. Lakini mbio zilikuwa zimebaki wiki mbili, na asubuhi ile alikuwa ameniomba nimsindikize kupima madirisha, anunue mapazia. Nikabandika tena. Nikamwambia, "Iko bien, iko muzuri." Kule barabarani niliona kipande kimoja hakimo. Nikapiga magoti juu ya kinga, watu wakadhani ninalia, kumbe ninafungua freni kwa ufunguo wangu. Niliitia mfukoni kabla polisi hawajafika.

Jumatatu iliyopita niliipeleka ile freni kwa magistra anayeshika kesi ya Chisanga. Nilidhani Chisanga atatoka siku hiyohiyo. Magistra aliigeuzageuza mezani, akasema chuma mtu yeyote anaweza kukitoa mfukoni baada ya mwezi mzima. Faili la dereva lina njia yake, na langu litaanza njia yake. Akasema Jumatano hii inayokuja nirudi na nguo za kubadilisha, maana nitalala ndani. Nikaenda kwa Agnès, nikamwambia yote. Hakunitukana. Aliniuliza tu kama wamemfungua mume wake, maana huko gerezani anakohoa damu. Nikasema bado. Akafunga mlango.

Sikuombi msamaha, sina uso huo. Ila watoto wakiuliza baba yao alikufaje, usiwaambie tena ni kamyo. Waambie ni mjomba wao.

Mama umweleze wewe, utakapoona anaweza kusikia. Wasalimie majirani wote wanaonikumbuka, na Mungu awafunike huko mliko.

Mdogo wako,
Muhindo Paulin